Nakusikia Vizuri, Ova

Ndugu wasikilizaji, wiki hii nawaomba tuziache siasa zipumzike, maana nazo zimechoka kusemwa. Nataka tuzungumze juu ya kikopo cha bati kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, chenye miguu miwili kama sindano. Ndani yake mna kijipande cha jiwe. Waliozoea kamusi hukiita fuwele. Mafundi wa redio hukiita kristali. Mimi nitawafuata mafundi, kwa kuwa hadithi yenyewe nimeipata kwao.

Juni 2024 nilikwenda nyumbani Ifakara. Mvua za msimu ule mnazikumbuka, zile za El Nino zilizoanza mwishoni mwa 2023 na kuendelea hadi masika, zikafurika bonde la Kilombero na kuisumbua vibaya barabara ya kwenda Mlimba. Nilipofika maji yalikuwa yameshapungua, lakini madimbwi makubwa yalibaki kila palipo na bonde, na watoto wa mjini, kama ilivyo desturi yao, walikuwa wameshayageuza bahari.

Kila niendapo nyumbani sikosi kupita kwa mzee mmoja fundi redio, ambaye kibanda chake kiko nyuma ya soko. Jina lake silitaji. Mwenyewe kaniomba nisilitaje, na mkisikiliza hadi mwisho mtaelewa kwa nini. Ana zaidi ya miaka 70. Siku hizi kazi yake kubwa ni kuchomelea waya za chaja na kufungua spika za baa, lakini juu ya rafu yake bado zimepangwa redio za mbao ambazo wenyewe walishafariki, na watoto wao hawajaja kuzichukua.

Basi tumekaa, tunakunywa kahawa, akaja kijana wa kidato cha tatu amekumbatia boti. Nasema boti, si mtumbwi wa kuchonga. Boti ya mfano, ndefu kama mkono wangu, ya plastiki nyeupe, yenye usukani na mota. Mkono wa pili kashika rimoti yenye antena ndefu ya kuvuta, kama ile ya redio za zamani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Hiyo meli umeitoa bandari gani?"

Kijana akaeleza. Mgeni mmoja aliyekuwa akifanya kazi hapo mjini alimaliza mkataba akauza vitu vyake vyote kwa mkupuo, toka kitanda hadi vijiko. Boti ilikuwa chini ya boksi. Kijana alitoa shilingi 30,000, akiba yake ya kuuza maji ya baridi stendi. Kwa wiki moja boti ilikwenda vizuri mno. Kisha ikaanza ukaidi. Karibu na ukingo inatii. Ikifika mbali kidogo inasimama, au inazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Mara ya mwisho ilimfia katikati ya maji upande wa mto Lumemo, akalazimika kumlipa mwenye mtumbwi aende kuichukua. Kwa nini hakuingia mwenyewe? Msikilizaji unayeuliza hivyo hujafika Kilombero. Kule mtu haingii majini kufuata kitu cha kuchezea. Mamba hana kidato.

Mzee hakuuliza habari za betri, jambo ambalo mimi ningeanza nalo. Alifungua kifuniko kidogo mgongoni mwa rimoti, akachomoa kristali. Akafungua boti, akachomoa nyingine kutoka kwenye kile kipokeo chake. Akavaa miwani miwili, moja juu ya nyingine. Akasoma, akacheka.

"Ulizitoa?"

"Nilizitoa kuzisafisha, babu. Zilikuwa na kutu miguuni."

"Na ulizirudishaje?"

"Zinaingia kote kote."

Hapo, wasikilizaji, ndipo penye somo, na nawaombeni uvumilivu wa dakika chache za hesabu ya kutoa.

Jiwe lililo ndani ya kristali ni la aina ile nyeupe ing'aayo ambayo sisi watu wa Morogoro tunaikanyaga njiani bila kuitazama. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba jiwe hilo ukilibana linatoa umeme kidogo. Na baadaye ikabainika kwamba ukilipa umeme, lenyewe linatikisika. Likichongwa kuwa kibamba chembamba, linatikisika kwa kasi ileile siku zote, wala halichoki. Kadiri kibamba kilivyo chembamba ndivyo kasi inavyokuwa kubwa. Kibamba cha kutikisika mara milioni 8 kwa sekunde huwa na unene wa kama sehemu mbili za kumi za milimita. Ndiyo sababu kristali ikianguka sakafuni fundi hushika kichwa. Nje bati liko salama, ndani kioo kimepasuka.

Katika redio za zamani za kuongozea vyombo vya mfano, jiwe hilo ndilo lililoamua chombo kizungumze katika masafa gani. Ukitaka kubadili masafa unachomoa kristali na kuchomeka nyingine. Na zinakwenda mbili mbili, kama viatu. Moja ya kutuma, inayokaa kwenye rimoti; nyingine ya kupokea, inayokaa ndani ya chombo. Seti ya yule kijana ilikuwa ya megahezi 27, ambayo masafa yake sita yalipewa rangi: kahawia, nyekundu, machungwa, njano, kijani na bluu. Yake ilikuwa njano. Kristali ya kutuma imeandikwa 27.145. Ya kupokea imeandikwa 26.690.

Kwa nini hazifanani? Kwa sababu kipokeo hakisikilizi wimbi lenyewe. Hulichukua wimbi linaloingia, hulilinganisha na mtikisiko wa kristali yake, na hufanyia kazi ile tofauti. Toa 26.690 kwenye 27.145, unapata 0.455, yaani kilohezi 455. Redio nyingi zilizo juu ya rafu ya mzee, zile zilizotuletea taarifa ya habari ya saa mbili usiku, zinafanya kazi kwa hesabu hiyohiyo.

Sasa tazameni ujanja wa shetani. Kijana aliweka ya kutuma kwenye boti na ya kupokea kwenye rimoti. Je, tofauti imebadilika? La hasha! Ni ileile 455, ila imegeuzwa. Kwa hiyo boti iliendelea kutii. Usukani uligeuka, mota ilizunguka, kijana akafurahi akidhani ameisafisha ikawa mpya. Lakini rimoti ilikuwa inatuma katika 26.690, mahali ambapo koili zake hazikutegwa, kama mtu anayepiga filimbi kwa kuibandika puani. Nguvu ikapotea njiani. Hatua 10 kutoka ukingoni boti inasikia. Hatua 40 inasikia upepo tu. Na isitoshe, alikuwa ametoka nje ya masafa ya njano na kuingia mahali pasipo pake. Masafa ni kama viwanja. Yana wenyewe na yanagawiwa, na hapa kwetu mgawaji ni TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003.

Kwa hiyo hili lilikuwa kosa linalofanya kazi. Kosa lililogoma kabisa lingemfanya kijana alitafute siku ileile.

Mzee akazirudisha mahali pake. Akampa masharti, nami nayarudia kwa faida ya yeyote aliye na kitu cha namna hiyo uvunguni mwa kitanda. Zima vyote kwanza. Chomoa kristali kwa kuivuta wima, usiinyonge. Futa miguu yake kwa spiriti, usikwangue kwa wembe. Usichanganye ya kampuni hii na ya kampuni ile hata kama namba zinafanana, maana ndani hazikukatwa kwa hesabu moja. Na kama wako wawili pale dimbwini wenye rangi ya njano, mmoja akae chini asubiri, kwa sababu rimoti moja itaziongoza boti zote mbili, au zote mbili zitapagawa. Vilabu vya Ulaya vilikuwa na ubao wenye vibanio vya nguo vya rangi. Asiye na kibanio haruhusiwi kuwasha. Siku hizi hayo yamekwisha. Vyombo vipya hutumia gigahezi 2.4, rimoti na chombo vinatambuana vyenyewe kama ndama na mama yake, na kristali za kubadilisha zimebaki kwenye maboksi ya watu waliomaliza mkataba.

Kijana akaondoka. Nami nikamwambia mzee, kwa utani tu, "Kumbe hata boti unazijua."

Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi kristali zilinifundisha kwa viboko."

Wasikilizaji wenye umri kama wangu mnaikumbuka ile simu ya upepo, ambayo wengi tuliiita redio koli. Kabla ya minara kusimama, bonde lile lilikuwa na reli ya TAZARA, likawa na barabara pale masika yaliporidhia, na likawa na redio koli. Misheni zilikuwa nazo, polisi walikuwa nazo, hospitali zilikuwa nazo. Shirika la AMREF lililoanzishwa mwaka 1957, lile la madaktari wa ndege, lilijengwa juu ya mambo mawili: ndege, na redio ya kuiitia ndege. Sisi watoto wa Ifakara tuliyasikia mazungumzo yale tukipita madirishani. Sauti ilitoka kama ya bata, maana masafa yakitofautiana hata kidogo sauti ya mtu hubadilika, na mwendeshaji hukaa akizungusha kitufe hadi bata ageuke kuwa sista.

Ndani ya redio zile za zamani mlikuwa na kristali, kila chaneli na yake. Haikuwa kama simu ya leo ambayo unaibonyeza tu. Kituo kilipewa masafa yake kwa leseni, kristali ikaagizwa ng'ambo ikatwe kwa masafa hayo, na ikaja baada ya miezi imefungwa kwenye pamba kama yai.

Mwaka 1990, alinisimulia mzee, masafa ya mtandao mmoja wa zahanati yalibadilishwa. Ya zamani yalikuwa karibu na megahezi 7, mapya yakawa karibu na 5. Kristali mpya zikaja. Yeye, kijana wa miaka thelathini na kitu, akapewa Landrova, dereva, na kisanduku cha kristali, azungukie vituo abadilishe. Cha mwisho kilikuwa ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga, mwendo wa nusu siku kutoka kivukoni.

Lazima niwakumbushe mto ulivyokuwa. Leo pale pana daraja la mita 384 lililozinduliwa mwaka 2018 na kupewa jina la Rais Magufuli, na dereva analivuka huku anaongea na simu, Mungu amsamehe. Kabla yake palikuwa na kivuko, na hicho nacho kilikuwa na siku zake. Januari 2016 kilipinduka. Mwaka 1990 masika ya Aprili yakishika, asiyewahi kivuko analala ng'ambo, na anaweza kulala wiki.

Mzee alifika zahanati ile saa nane mchana. Mawingu ya Udzungwa yameshakuwa meusi. Akafungua redio, akachomoa kristali ya zamani, akachomeka mpya. Dereva alikuwa na redio nyingine ndani ya Landrova, chini ya mwembe, hatua kama 50. Mzee akaita. Dereva akajibu, "Nakusikia vizuri, ova." Muuguzi wa zahanati akapewa kinasa sauti, naye akaita. "Nakusikia vizuri mama, ova." Wakacheka, wakapeana mikono, akasaini kitabu. Wakawahi kivuko.

Kilichobaki ni nini? Kilichobaki kilikuwa kazi ya saa mbili. Kristali ikibadilika, koili za kutumia nazo zinapaswa kutegwa upya, kwa kuzungusha skrubu polepole huku unatazama mita, hadi nguvu yote itoke kwenda kwenye antena. Na antena yenyewe, ule waya unaoning'inia kati ya nguzo mbili, unapaswa kushushwa na kurefushwa. Waya wa megahezi 7 ni kama mita 20 toka ncha hadi ncha. Wa megahezi 5 unataka kama 28. Alilijua hilo. Vituo vyote vya nyuma alilifanya. Pale alitazama mawingu, akatazama saa, akasema moyoni, mbona dereva kasikia?

Hatua 50, wasikilizaji. Redio ile hata ingekuwa imefungwa kwenye gunia dereva angeisikia.

Kusikia hakuhitaji nguvu kama kusema. Kwa hiyo zahanati ile iliendelea kuisikia Ifakara, hafifu lakini inaeleweka. Kila asubuhi katika saa ya kuitana muuguzi alisikia jina la kituo chake likiitwa. Alijibu. Ifakara ikaita tena. Akajibu tena. Ifakara ikasema hawapo hewani leo, ikapita kwenye kituo kinachofuata. Upande wa Ifakara hakuna aliyeshtuka, maana masika redio kunyamaza ni jambo la kawaida. Labda betri, labda radi.

Siku ya tisa aliletwa mama mwenye uchungu wa siku mbili, mtoto amekaa vibaya. Muuguzi aliita toka alfajiri. Alikuwa anawasikia wenzake wakiagiza dawa za malaria na kuulizana bei ya sukari, na yeye anapaza sauti katikati yao, na hakuna hata mmoja anayegeuka. Saa nne waliacha kuita. Mama akabebwa kwa machela hadi majini, akavushwa kwa mtumbwi, akafika hospitali usiku. Mama alipona. Mtoto hakupona.

"Nani alikwambia?" nikamuuliza.

"Hakuna aliyeniambia. Nilirudishwa kule maji yalipopungua, kuangalia redio ina nini. Nikakuta daftari. Yule mama alikuwa anaandika kila siku, tarehe na saa. Nimewaita, hawanisikii. Nimewaita, hawanisikii. Kurasa mbili."

"Akakulaumu?"

"Akanipa uji. Akaniuliza kama ni yeye aliyeshika vibaya kile kinasa sauti."

Nilisomea uandishi wa habari, wasikilizaji, nikatunukiwa stashahada, na moja ya mambo tuliyofundishwa ni kuuliza swali linalofuata. Pale sikuwa nalo.

Lakini njiani nikirudi Dar es Salaam nimefikiri mengi, na mengine si ya mwaka 1990. Ni mara ngapi mimi mwenyewe nimekwenda na kinasa sauti changu kwenye sherehe ya kukabidhi mtambo? Jokofu la chanjo, pampu ya maji, simu za wahudumu wa afya, kompyuta za shule. Utepe unakatwa, mtambo unawashwa, unawaka, tunapiga makofi, mimi narekodi makofi. Karibu kila mara mtambo hujaribiwa chini ya mwembe, mbele ya mgeni rasmi, mchana, jenereta ikiwa imejaa mafuta. Sijawahi kuona mgeni rasmi akisema, sasa nendeni kijiji cha mwisho, usiku, mvua inanyesha, muupige kutoka huko nami nitasubiri hapa. Na mimi sijawahi kuuliza. Nimeripoti "nakusikia vizuri" za watu wengi mno.

Mtaniambia simu za mkononi zimemaliza matatizo hayo. Zimepunguza, sibishi. Lakini ulizeni watu wa mashamba ya mpunga bondeni wanavyopanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, na ulizeni ilivyokuwa Aprili 2024 barabara zilipokatika na betri zikaisha. Aghalabu mtu hulalamika simu inapogoma kabisa. Ikiita upande mmoja na upande wa pili haisikii, tunasema tu, huyu hapokei.

Basi, kesho yake asubuhi nilimkuta mzee amefunga kibanda, jambo lisilo la kawaida. Nikaambiwa kaenda dimbwini na yule kijana. Nikawafuata. Boti ilikuwa nchi kavu, juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kijana amesimama kando yake akiitazama. Mzee ndiye aliyeshika rimoti, kaishusha antena hadi mwisho, anarudi kinyumenyume kwenye majani, anahesabu hatua kwa sauti.

"Kumi na nane! Usukani?"

"Unageuka, babu!"

"Kumi na tisa! Usukani?"

"Unageuka!"

Kijana kachoka, anataka boti iingie majini. Babu, inasikia vizuri, akasema. Mzee hakumjibu. Akarudi hatua nyingine, akaminya tena, akasubiri.

"Ishirini! Usukani?"